Okidi ya Majani

Nyuma ya soko la Marikiti, pale Kamanthe anapouzia kahawa, kuna benchi la mbao lenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya. Kila Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya vilima vya Iveti, wenye benchi huwa wameshafika. Ni watatu. Kuna Munyao fundi redio, aitwaye Profesa, ambaye tangu azaliwe hajakutana na swali lililomshinda. Kuna Ndolo, aitwaye Polepole, kwa kuwa hata mvua ikimfukuza hakimbii. Na kuna Kitonga, mstaafu wa kiwanda cha saruji kule Athi River. Huyu wanamwita Majani, na jina hilo linamuuma.

Jina lilitokana na maua. Mwaka juzi Kitonga na Ndolo walinunua okidi mbili za kufanana, zile za slipa, ambazo ua lake lina kifuko mbele kama ndara iliyozibwa vidole. Zote mbili zilikuja zimechanua, na maua yakaanguka wiki ile ile moja. Tangu hapo ya Ndolo imechanua tena. Ya Kitonga imetoa majani. Sasa mkewe Kavindu ametangaza kwamba Krismasi ikifika bila ua, dirisha la chumba cha nyuma, inapokaa okidi hiyo, litakuwa la vifaranga vyake. Kwa hiyo leo okidi zote mbili zimeletwa benchini zilinganishwe, ukweli ujulikane.

Ya Kitonga ilikuwa kwenye chungu kilichosuguliwa, shina moja limesimama wima, kila jani limepanguswa. Ya Ndolo ilikuwa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, machipukizi yamebanana huku na huku, na katikati ya fujo hiyo ua moja la kijani na zambarau.

— Polepole, niambie ukweli, alisema Kitonga. Hii maua unaifanyia nini?

— Hakuna.

— Mbolea?

— Nilisahau.

— Na maji?

— Mama watoto akiosha ndengu, ile maji anamwaga hapo. Nataka kumwambia aache, lakini sijafika hiyo siku.

Kitonga aliona wivu, wivu kabisa. Yeye aliinywesha okidi yake maji ya mvua kwa kikombe, akaihamisha jua likizidi, na siku za baridi akaifunika na shati. Sasa mvivu ndiye mwenye ua!

— Shida ni umeidekeza, Profesa aliamua. Okidi ni mgeni hapa Ukambani. Na wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

— Niipe okidi jembe?

— Ama msumari. Uzike hapo kwa mizizi. Ikiona chuma itajua hapa ni kazi.

— Wacha uongo, alisema Kamanthe akimimina kahawa. Hiyo ni dume. Umeona wapi jogoo akitaga?

— Si dume! Kitonga aling'aka. Ilikuja na ua, si mliiona?

— Basi ni masaa, Profesa hakukata tamaa. Hiyo kitu kwao ni Asia. Na Asia saa hii jua linaenda kulala. Buda, maua yako inachanua usiku wewe ukikoroma, ukiamka imefunga duka.

— Na yangu je? aliuliza Ndolo.

— Yako imezoea. Hata wewe mchana unalala.

Walicheka mpaka benchi likalia. Hata Kitonga alicheka, ingawa kucheka kwake kulikuwa kwa kuazima. Mkono wake ulikuwa chini ya majani, ukipapasa shina kama kawaida yake. Huo ulikuwa mkono wa shamba la kahawa. Babake kule Mitaboni alimfunza angali mdogo kwamba vichipukizi vya pembeni ni wezi, vitolewe mapema mti mama upate nguvu. Hajawahi kusahau.

— Mimi kwangu ni usafi, alijitetea. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Kwa hivyo mimi natoa walaji.

— Hapo umesema, Profesa alikubali, bila kuuliza walaji gani.

Ndipo akaja msichana aitwaye Mueni, mpangaji mpya wa vyumba vilivyo juu ya duka la nafaka. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kijiweni.

— Shikamooni wazee. Kahawa bado iko?

— Iko kidogo, Kamanthe alimjibu. Kaa hapo.

Mueni akakaa. Akautazama mkebe wa Ndolo, akakitazama chungu cha Kitonga, kisha akarudi kwenye mkebe.

— Kwani hizi si za aina moja?

— Ni moja kabisa, alisema Profesa. Walinunua pamoja.

— Na mbona hii iko na watoto na hii haina? Watoto wake walienda wapi?

Profesa aligeukia kahawa yake. Ndolo aliinamia mkebe wake, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba lile ua halikutoka kwenye shina alilonunua. Shina lile la zamani lilikuwa kando, kimya, limemaliza kazi yake. Ua lilitoka kwa mtoto.

— Ala! alisema Ndolo. Kumbe mama yao alistaafu!

Ukucha wa kidole gumba cha Kitonga ulikuwa umeshikilia kijino cha kijani kilichochomoza jana, na alikuwa tayari kukikata. Aliwakumbuka watoto wengine wote aliowatoa kwa mkono huohuo, kwa mapenzi, huku akiomba ua. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Halafu, polepole, ikafuatwa na furaha. Akauondoa ukucha.

Akasimama, chungu amekikumbatia kwa mikono miwili.

— Majani, kahawa yako! aliita Kamanthe.

— Mpatie huyu mgeni.

— Na unaenda wapi mbio hivyo?

— Kupigia Kavindu magoti, alijibu bila kugeuka. Anipatie Krismasi ingine moja.