Koti la Bwana Jay

Vuli ile, gari la farasi la Philadelphia lilitubana goti kwa goti. Bwana Lukens, mshona kofia, alikuwa akitetemeka kwa baridi. Mkewe, alituambia kwa fahari, kawapa maskini koti la mumewe la bluu. Baridi haikumzuia kumtetea John Jay, mjumbe wa Marekani aliyetumwa Uingereza, mpaka povu likamtoka.

"Katuletea mkataba na Waingereza. Mlitaka vita tena?"

"Kauza nchi, bwana wee!" akadakia Mama Crull, mwenye nyumba ya wageni njiani. "Kwangu tunachoma sanamu yake kila Jumamosi. Na watu wakishamchoma, wanavyokunywa! Mungu ampe maisha marefu."

"Aibu! Mtu aliyekuwa jaji mkuu!"

"Ndiyo maana tunamvisha vizuri. Majirani wananiletea nguo."

"Majirani wapumbavu. Kwangu mimi, mke wangu, mpaka paka, sote tuko na Jay."

Paka sikupata nafasi ya kumuuliza.

Gari likasimama kwa Mama Crull. Jay alishatundikwa mtini, kajazwa majani makavu, kavaa koti la bluu. Bwana Lukens akachungulia, akanywea.

"Limempendeza, eh?" Mama Crull akasema akishuka. "Aliyelileta kalipiga pasi kabisa."