Trekta Lililo Juu ya Kaka

Mheshimiwa Waziri, mgeni wetu rasmi; Ndugu Mkurugenzi wa Karakana ya Picha za Taifa; wachoraji wenzake baba; mama, shangazi, nanyi nyote mliokaa na mliosimama kwa kukosa viti: habari za mchana.

Mimi ni binti wa mstaafu. Nyumbani wananiita Kobe, kwa kuwa nikiulizwa jambo naficha shingo kwenye sweta. Leo sina sweta. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, na kwa zote mbili nimefundishwa kumsifu Kiongozi. Kumuaga baba sikufundishwa kwa lugha yoyote. Basi nitasema kama tunavyosema mezani.

Hebu geukeni mtazame ukuta. Nani kati yetu hakukua chini ya picha hii? Kiongozi katikati, kiganja chake kikubwa kuliko kichwa cha mtoto, jua jekundu nyuma yake, na raia wote wakimtazama yeye, kwani raia wa pichani haruhusiwi kutazama kwingine. Kila mwaka baba aliitwa kuipaka upya, na kila mwaka Kiongozi akarudishiwa ujana kidogo. "Mimi ndiye ninayezeeka kwa niaba yake," baba alikuwa akituambia, akishafunga mlango.

Baba hawezi kuchora mtu asiyesimama mbele yake. Kwa hiyo sisi ndio tukawa taifa. Yule mwenye kapu la mavuno ni mama. Mkulima ni shangazi. Mwaka ule wa njaa shangazi aliiona picha akang'aka: "Kaka, kiuno hiki umekitoa wapi? Mwenzio sketi naibana kwa pini!" Baba akamjibu, "Dada, Wizara haina wakulima wembamba." Tulicheka mpaka tukaona aibu.

Mwanafunzi aliyeinua kitabu alikuwa kaka yangu. Msimtafute. Mwaka jana aliuliza darasani kwa nini pichani tumeshiba. Wakaja nyumbani kumchukua, akaondoka na soksi mguu mmoja. Wiki hiyohiyo amri ikafika: mwanafunzi aondoke ukutani, na baba apewe heshima ya kumwondoa mwenyewe. Akamfunika kwa lile trekta la kijani. Alianzia miguuni, akapanda polepole, uso akauacha mwisho kabisa. Tangu hapo brashi humponyoka, na huo ndio uchovu wa utumishi uliotukuka mliousifu hapa.

Mheshimiwa, umetangaza kwamba nafasi ya baba napewa mimi, na kwamba picha yangu ya kwanza iwe ya vijana wakisonga mbele. Asubuhi baba alinishika bega: "Kubali, mwanangu. Sema asante, ukae." Nimekubali. Ningekataa kwa mdomo upi?

Ila na mimi nimelelewa hivyohivyo: siwezi kuchora mtu nisiyemwona. Kijana ninayemtaka mbele ya picha ni kaka. Mleteni asimame, hata kwa saa moja, hata akiwa amefungwa mikono. Mikono nitaifungua mimi pichani. Na kama hayupo wa kuletwa, lisemeni hapahapa mama akisikia, aache kutoka nje kila gari linapopunguza mwendo.

Sina tumaini. Namwona Ndugu Mkurugenzi anatazama chini.

Nawashukuru nyote kwa kuniazima masikio yenu. Naomba msipige makofi kwanza. Nasubiri jibu.