Kefa Matonya wa Mkonze na Mbegu Zilizokataa Kuota

Wazee wetu, shikamooni, na ninyi ndugu, majirani na wageni mliotembea tangu jana kutoka Mtumba, Busi na kwingineko, poleni kwa njia na poleni kwa msiba. Mimi ni Elieza, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa kuwa eti sauti yangu haitetemeki, jambo ambalo kwa leo siliahidi.

Marehemu kaka yetu Kefa alizaliwa hapa hapa Mkonze, mtoto wa pili wa mzee Matonya na mama yetu, ambaye uzeeni alibatizwa Anyesi, katika mwaka ambao hakuna aliyeuandika, lakini tulipokaa na wazee tukahesabu misimu na rika la waliotahiriwa pamoja naye, tuliafikiana kuwa ni 1872, na mwezi tumeuweka Februari, kwa maana mama alikuwa akitusimulia kwamba uchungu ulimkuta shambani akipalilia uwele. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga ng'ombe kama sisi wote, ila yeye alikuwa mchungaji mbovu, nalisema hili kwa heshima zote, kwani akikuta mche asioujua alichuchumaa pembeni yake akautazama mpaka jua likapinduka, na ng'ombe wakati huo wamo katika mtama wa watu, na jioni fimbo zikatuangukia wote wawili.

Shule aliingia akiwa mtu mzima, mwaka 1896, katika baraza la misheni moja ya huku kwetu, akasoma kwa misimu miwili akifuatisha herufi kwa kidole, na akabatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 1898. Kiswahili chake alikipata hapo, kutoka katika hadithi za Biblia, kwa hiyo alijua maneno makubwa makubwa ya wafalme na manabii, lakini ya sokoni na jikoni yalimpiga chenga, na hili mlishike, maana ndilo lililomfanya awe yule tuliyemjua.

Tarehe 15 Septemba 1900 alifunga ndoa na shemeji yetu Loisi, ambaye yupo hapa mbele yenu, mwanamke asiyezungusha maneno, na Mungu akawajalia watoto watatu, wawili walirudi kwake kabla ya kuota meno, mmoja akabaki, naye ni Hana, aliyezaliwa tarehe 19 Julai 1902, binti mwenye maswali mengi kuliko majibu tuliyokuwa nayo.

Kazi alianza tarehe 3 Mei 1905, kwa Mdachi mmoja aliyeitwa Bwana Falk, aliyekuja kupima njia itakayopita reli, akaipenda nchi hii kavu kwa sababu zake mwenyewe, akajenga nyumba ya mawe kwenye njia ya Mtumba na kuizungushia bustani. Bwana Falk alikuwa na dada yake aliyeishi Italia, kandokando ya bahari iliyozungukwa na nchi pande zote, na kila mwaka dada huyo alimtumia kopo la bati lililozibwa kwa nta, ndani yake mna vijikaratasi vya mbegu za huko, lavenda yenye harufu ya sabuni ya wageni, mhadasi, mberoshi ule mti mwembamba unaosimama wima, na maua mengine ambayo hayaliwi, hayatibu na hayafai hata kwa kuni, nami nilimwuliza kaka mara nyingi faida yake ni nini, akawa ananitazama kwa huruma.

Kaka aliajiriwa kuchota maji tu, na mbegu hazikumhusu. Bwana Falk alizipanda mwezi wa Desemba, mvua ilipoanza, kama sisi tunavyopanda uwele, zikaoza zote, akapanda tena mwaka uliofuata, zikaoza, na kila asubuhi alitoka na kofia yake akawauliza watu wa bustani kama mbegu zimeota. Sasa kaka, katika Kiswahili chake cha Biblia, neno kuota alilijua kwa maana moja tu, ile ya Yusufu na ndoto zake, akaamini kwa moyo wote kwamba mbegu hizi za Ulaya hazitoki ardhini mpaka kwanza ziote ndoto, na akaona wazi kosa la Bwana Falk liko wapi, kwani ni nani awezaye kuota ndoto bila kulala? Basi akaziomba zilizosalia, akazichanganya na mchanga mbichi katika chungu kidogo, akakizika chini ya mtungi wa maji upande wa kivulini, mwezi wa Juni, wakati wa kipupwe, upepo wa Ugogo ukiwa unakata masikio, akaziacha zilale majuma sita. Zilipotoka mchangani na kuwekwa kitaluni mwezi Julai, wakati ambao hakuna mtu mwenye akili anayepanda kitu katika nchi hii, zikaota zote, lavenda, mhadasi na mberoshi. Bwana Falk akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akampa ufunguo wa sanduku la mbegu, na wenzake walipomweleza baadaye maana nyingine ya neno lile, kaka alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakubadilisha mawazo yake, na mpaka anatuacha alikuwa akisema mbegu zimelala, msizipigie kelele.

Siwezi kupita bila kutaja mwaka 1907, ambapo alileta nyumbani miche ya ua moja refu la rangi ya waridi ili ailelee hapa, na shemeji, alipoona majani laini yanayoteleza kama bamia yamechipua karibu na mlango, alifanya ambalo mwanamke yeyote wa Ugogo angelifanya, akayachuma, akayapika mlenda. Kaka alikula sahani nzima, akausifu, kisha akatoka nje. Nasema mlenda ule ulikuwa mtamu, maana nami nilikuwepo, na Bwana Falk alipopewa habari hiyo aliagiza naye aletewe.

Lakini kulikuwa na mbegu za aina moja zilizomshinda hata kaka. Zilikuwa ndogo kama vumbi la ugoro, nyekundu, ngumu, na Bwana aliziita kwa jina refu la Kidachi ambalo sisi tulilikata tukasema sisti, akasimulia kwamba kwa dada yake sisti hufunika vilima vizima, ua lake ni jeupe, jembamba kama karatasi iliyolowa, lina doa jekundu linaloelekea weusi chini ya kila jani la ua, hufunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limekwisha kudondoka. Kaka alizilaza chini ya mtungi, zikakataa, akaziloweka, akazisugua kwa mchanga, akakaa nazo kinywani siku nzima bila kusema na mtu, zikakataa, na Bwana alipochoka akamwambia azitupe. Hakuzitupa, alizileta nyumbani, akazipanda katika kitalu uani pale, akamwambia Hana kwamba siku zitakapotoa ua yeye ndiye atakayeamshwa wa kwanza kulitazama, na tangu 1908 ikawa kila kiangazi shemeji Loisi anachimba maji korongoni, anajitwika, anapanda nayo kilima, na sehemu ya maji hayo inamwagwa juu ya udongo mtupu. Shemeji alimwagilia udongo mtupu kwa miaka mitatu mfululizo, na anayetaka kujua mapenzi ni nini na apime hapo.

Ndugu zangu, nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini shemeji mwenyewe jana aliniambia nisiparuke. Mwishoni mwa Juni 1911 Hana alishikwa na homa, na hilo lilikuwa juma la kupanda kwa Bwana Falk, juma moja tu katika mwaka ambalo mbegu zilizolala hutolewa mchangani, na kaka alikuwa huko. Jumapili tarehe 2 Julai asubuhi nilikwenda mimi mwenyewe kumwita, nikamwambia mtoto amezidiwa, naye akasema nitangulie, anamalizia tuta moja lililobaki, yuko nyuma yangu. Alimaliza tuta lile, akaja mbio njia nzima, na alipoingia uani alikuta kina mama wameanza kulia. Shemeji alimwambia maneno machache mbele yetu sote, kwamba amelea mbegu kuliko mtoto.

Wakati wa matanga wanaume waliokuja walihitaji mahali pa moto, kwa kuwa baridi ilikuwa kali, na sehemu pekee ya ua isiyokuwa na miba wala mawe ilikuwa kile kitalu, wakauwasha hapo bila kuuliza, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwakataza, watu wakaota moto siku nne mchana na usiku, kisha wakatawanyika, likabaki duara la majivu. Shemeji hakumwagilia tena, na kaka hakuthubutu kumwomba, udongo ukakaa hivyo mpaka mvua za kwanza za Desemba, na asubuhi ya siku ya tisa ya mvua, katika duara lile la majivu, na wala si shubiri moja nje yake, sisti zikawa zimeota, kwa mamia.

Nilimkuta kaka amepiga magoti, haguswi, hasemeshwi. Ilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye macho kwamba mbegu zile miaka yote hazikutaka maji wala usingizi, zilitaka moto, na moto huo umeletwa na nini. Shemeji alitoka, akatazama, akamwambia azing'oe. Ndilo jambo pekee aliloombwa na mkewe ambalo kaka hakuliweza. Basi shemeji akatoboa mlango mwingine upande wa nyuma wa tembe hili, na kwa miaka mitano hajapita mlango wa mbele, amepika, amemfulia, amemwuguza, wamesali pamoja, lakini mlango huu alimwachia yeye na maua yake.

Zilitoa maua kwa mara ya kwanza Septemba 1913, meupe yote, na doa lake, na uani kukawa kama mtu ameanika nguo za mtoto, mpaka saa tano, ndipo yakadondoka. Bwana Falk alikuja kuyaona, akavua kofia, akauliza imewezekanaje, na kaka akasema neno moja, moto, naye akatoa daftari akaandika alivyodhani, moto wa majani makavu, udongo mkavu. Hakuandika moto wa nani, maana hakuambiwa.

Vita vilipoanza Agosti 1914 Bwana Falk aliitwa jeshini na hajarudi, makopo ya bati yakakoma, bustani ile wakaimaliza mbuzi, na ukame wa mwaka jana pamoja na mchwa ukaimaliza na miche ya hapa nyumbani, isibaki hata mmoja, ila kibuyu kimoja cha mbegu ambacho kaka alikitundika juu ya kitanda chake. Mwezi Machi mwaka huu alianza kukohoa, akakonda, na Jumatano tarehe 21 Juni 1916, alfajiri, akatutoka akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Siku zake za mwisho hakuagiza chochote kuhusu kibuyu kile, na nilipomwuliza alielekeza macho kwa shemeji, kisha akayafumba.

Kwa niaba ya familia namshukuru bwana Athuman wa Busi, mtumishi wa dawa, aliyetembea na chupa za dawa ya kifua mpaka hapa bila kuitwa mara mbili, nawashukuru majirani kwa maji na unga katika mwaka ambao kila nyumba inahesabu vibaba, namshukuru bwana Abbasi na wenzake wa bustani ile, waliobeba jeneza na ambao nimewaona wakikagua udongo wa kaburi kwa vidole, nimewaelewa.

Na wa mwisho ninayemshukuru ni shemeji Loisi. Leo asubuhi vijana walikuwa wameweka kuni kule kwenye zizi, kwa kumheshimu, ili moto usikae tena mahali pale. Shemeji alitoka, kwa mlango huu wa mbele, kibuyu mkononi, akaenda kwenye kitalu, akakikung'uta mpaka ikatoka mbegu ya mwisho, akafukia kwa viganja vyake mwenyewe, akageuka akawaambia wahamishe kuni, moto wauwashe hapa.

Kwa hiyo, ndugu, moto mnaouota sasa ndio huo, nawaomba msiupe nafasi ya kuzimika mpaka siku ya nne, sogeeni, mpasheni joto kaka yetu. Na wewe, kaka Kefa, lala, pumzika kwa amani ya Bwana, kuni zipo za kutosha.