Mzee Kesho, Aliyetuzeesha Sote

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Kesho, alizaliwa tarehe 14 Juni 1958 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa mpishi wa kiwandani na mkunga. Jina la Kesho hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja waliochoka kuambiwa picha zao zitakuwa tayari kesho, na familia inakiri kwamba walikuwa na haki.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1976. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa ramani hakuwa na mpinzani. Siku moja alichora mto uliopita karibu na shule akauwekea daraja, wakati watoto walikuwa wakivuka kwa kuvua viatu. Mwalimu wa jiografia alimuuliza daraja hilo kalitoa wapi. Akajibu, "Litajengwa, mwalimu." Alipewa sifuri, na mama yake aliposikia alicheka hadi akakaa chini.

Mwaka 1978 mjomba wake alimchukua kwenye studio yake ya picha. Humo alijifunza kusafisha sura za watu: kufuta makovu, kuwavalisha suti wasio na suti, kuwaondolea mikunjo waliokana umri wao. Tarehe 8 Disemba 1984 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho. Picha yake iliungua. Akaombwa arudi, na ya pili nayo ikaungua. Ya tatu ilipoungua, dada huyo alimwambia, "Kaka, kama unataka kuniona, si useme tu." Walijaliwa binti mmoja na wavulana wawili.

Baada ya mjomba kufariki, marehemu alirithi studio, na mwaka 2001 akanunua kompyuta. Hapo ndipo alipoanza kazi tunayomkumbuka nayo: kuchora mtaa wetu utakavyokuwa miaka mingi ijayo. Mapaa yote yana umeme wa jua na bustani za mboga. Mfereji wa maji machafu umekuwa kijito ambamo watoto wanaogelea. Zahanati haina foleni. Lakini alijiwekea sharti moja, kwamba humo haingii sura ya kubuni. Kila aliyeonekana alikuwa mtu wa mtaa, aliyekaa kwenye kiti cha studio akapigwa picha, kisha akaongezewa umri.

Mwenye bucha alikuja juu. "Umenizeesha, bwana. Na upara huu umeutoa wapi?"

"Shukuru," marehemu alimjibu. "Nimekufikisha."

Kosa lake kubwa alilifanya mwaka 2003, alipomsahau kinyozi. Kinyozi alijitafuta kwenye picha kona hadi kona, akafunga duka, akapanda kitandani na homa. Mke wake alikuja studio kajishika kiuno. "Sema ukweli, Mzee Kesho. Mume wangu anakufa lini?" Jioni hiyo hiyo kinyozi aliwekwa mbele kabisa, mzee wa nywele nyeupe tele, na asubuhi yake duka likafunguliwa.

Mwaka 2005 binti wa marehemu alijifungua mtoto wa kike mwenye tundu kwenye moyo. Daktari aliishauri familia isimpangie mtoto huyo mambo ya mbali. Marehemu alirudi studio akapanga ya mbali kabisa: alimchora kichanga yule akiwa bibi kizee mwenye fimbo, anawafokea vijana kando ya kijito. Binti yake aliikuta ukutani.

"Baba, umemzeesha kwa ruhusa ya nani? Mimi naomba afike Jumapili, wewe unampa fimbo."

"Siwezi kumwombea Jumapili tu, mwanangu."

Alimtaka aishushe, akakataa. Jambo hilo liliwaumiza wote wawili. Kwa miezi mingi binti alipita mbele ya studio bila kugeuza shingo, na marehemu alimsikia akipita.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya kumpeleka mtoto kwenye operesheni, binti aliingia studio bila salamu. "Nipe nakala," alisema. "Ndogo, ya kubandika." Aliibandika juu ya kitanda cha wodini. Mchana kutwa marehemu alikaa nje ya chumba cha operesheni, na aliogopa kuliko sisi wote. Daktari alipotoka, alisema mambo yamekwenda vizuri, kisha akauliza yule bibi mwenye fimbo kwenye picha ya wodini ni nani.

Binti akamjibu, "Ndiye huyo uliyetoka kumshona."

Mwaka 2021 marehemu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Mjukuu huyo huyo ndiye aliyeshika kalamu ya kompyuta badala yake, babu akiwa kitini anaamuru, "Ongeza mikunjo. Usimwonee mtu haya." Picha ya mwisho ilipokamilika, mkewe aliivalia miwani, akaitazama, akamuuliza, "Mbona wewe humo?"

"Mimi si ndiye napiga picha?" akamjibu.

Kiharusi kilirudi mwezi Februari 2024. Alilazwa, na asubuhi ya tarehe 2 Machi aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mkewe na binti yake wakiwa kando yake. Inauma, na hatutajifanya haiumi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe, wajukuu watano na mtaa wenye kazi nyingi za kumalizia. Miongoni mwa wajukuu hao yumo yule ambaye tulishauriwa tusimpangie mambo ya mbali. Sasa yuko chuo, mwaka wa kwanza, na ndiye aliyesimama hapa kuwasomea wasifu huu.

Babu, pumzika kwa amani. Sisi huku tunaendelea kuzeeka.