Jina la Mgongoni

Tavion, aliyehamia chuoni juzi tu kuja kucheza kikapu, alijikunja nyuma ya basi, magoti kidevuni. Mbele yake Bi Lorna, mshonaji wa timu, alikuwa akifumua jina mgongoni mwa jezi ya timu. "Huyu naye kahama," alimlalamikia mzee aliyeketi kando yake.

"Timu nzima imehama, mama! Kocha kazoa wapya kila chuo, hata kujuana hawajuani."

"Ulitaka tuchezeshe viti vitupu?" Bi Lorna akamuuliza.

"Nataka mtu amalize hata misimu miwili!"

Tavion akainamisha kichwa, lakini urefu ule angeuficha wapi? Bi Lorna akageuka. "Wewe ni mmoja wao, siyo? Unaitwa nani?"

"Tavion Braswell, mama."

Basi likasimama uwanjani. Bi Lorna akatunga uzi kwenye sindano, akamtazama tena kijana, akairudisha mkobani, akatoa chaki, akaandika "Braswell" mgongoni mwa jezi.