Pai ya Kila Bao

Basi lilikuwa halijaondoka kituoni, na tayari wanaume wawili wasiojuana walikuwa wamemweka Wiebe kikaangoni. Asubuhi ile klabu ya mji ilikuwa imembadilisha beki huyo wa mpira wa magongo ya barafuni kwa wachezaji wawili wa timu ya mbali. Darlene, kwenye kiti cha nyuma yao, alijifanya anatazama theluji.

"Mabao kumi na tisa, mzee, na ni beki," alisema mwenye kofia ya sufu. "Tutamlilia."

"Mlilie wewe. Akipanda mbele, huku nyuma kaacha mlango wazi kama zizi bovu."

"Na pasi zake?"

"Pasi tamu, sikatai. Ila kukaba hajui. Sijui waliomlea walimfundisha nini."

Darlene aligeuka kutoka dirishani. Timu za vijana huwaweka wachezaji wao kwenye nyumba za watu, na Wiebe, akiwa kijana, alikuwa amekaa kwake misimu miwili. Kila alipofunga, Darlene alimwokea pai. Siku moja Wiebe alirudi akichechemea, goti limevimba kwa kuzuia shuti lililokuwa linaingia golini. "Leo hakuna pai?" aliuliza akicheka. Darlene naye akamjibu, "Kwani umefunga?"

Basi likasimama mtaani kwake. Mwenye kofia akavuta miguu ampishe. "Pita, mama. Hebu tuamulie, tumepata au tumepoteza?"

"Kuna siku alizuia," alisema Darlene. "Hakupewa hata kipande."

Wakatazamana. Yeye alikuwa ameshashuka.