Mshale Wenye Manyoya ya Njano

Nje ya duka la Lavonne, linalouza petroli na chambo cha samaki pale Halvor, Wisconsin, kuna benchi la mbao ambalo kila Jumamosi asubuhi huwa na wenyewe. Wa kwanza ni Kazimir, dereva mstaafu wa basi la shule, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki. Wa pili ni Milo, huyo ni Jaji, maana hukumu yake hutangulia kesi. Wa tatu ni Orlin Tveit, na jina lake la kijiweni ni Hakosi. Miaka thelathini na mmoja ya kuwinda kwa upinde, hajapoteza mnyama hata mmoja. Kila majani yakianza kupukutika, yeye ndiye huwafundisha wawindaji wapya ukumbini, na wiki ile ya Novemba, barafu ikiwa imeota kwenye nyasi, alikuwa bado hajamaliza kufundisha. Alihamishia somo benchini.

— Sheria ni moja, alikuwa akisema. Umeachia mshale, mnyama amekimbia, usijiambie umekosa. Shuka mtini, piga magoti, tafuta damu. Hata tone moja.

— Haba na haba hujaza kibaba, Redio akaitikia.

— Kibaba cha damu utakipeleka wapi, wewe? akauliza Jaji.

Hakosi alicheka nao, akapuliza kahawa yake. Ndipo alipotokea kulungu jike nyuma ya mapipa ya taka.

Alivuka barabara polepole, mgongo umepinda, kama bibi anayetoka kanisani na mguu mbaya. Mshale ulikuwa umemkaa tumboni, nyuma ya mbavu, ukitikisika kila alipokanyaga. Mwishoni mwake palikuwa na manyoya matatu: mawili ya njano iliyokolea, na moja la bata mzinga lenye mistari. Alipita hatua kumi tu kutoka kwenye vikombe vyao. Akaingia shamba la ng'ambo, akapotelea nyuma ya banda la kuku.

Lavonne alikuwa amesimama mlangoni na birika. Kahawa ilimwagikia kiatu chake, naye hakuusogeza mguu.

— Toba! akasema. Mmeona?

Wote walikuwa wameona. Na wote waliijua njano ile. Ardis, mkewe Hakosi, huichemsha jikoni kwa maganda ya vitunguu, katika sufuria ambayo hairuhusiwi kupikiwa kitu kingine. Hakuna mwindaji mwingine wa pale mwenye manyoya ya rangi hiyo.

Hakosi aliganda. Alingoja mmoja wao amgeukie na kumwambia, wewe. Hakuna aliyegeuka. Redio alikohoa.

— Mshale wa kuibiwa ule, akasema. Kaka, gari lako hulifungi. Mtu kapita, kachomoa.

— Nani wa kuiba mshale mmoja? akauliza Jaji.

— Watu wa Minnesota, hao jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka!

— Ni kweli, hao wanaweza. Lakini mimi nasema ule ni wa mwaka jana. Hakosi alimpiga mnyama mwingine, mshale ukapitiliza, ukachomeka kwenye gogo. Huyu naye kaja mbio, kajichoma mwenyewe.

— Kinyumenyume?

— Kulungu akishtuka huangalia mbele? Kesi imekwisha!

— Basi na mimi niseme, Redio akapandisha sauti. Kunguru! Kunguru anaokota kila kinachong'aa. Kaubeba juu, umemponyoka, umemwangukia huyu mama wa watu. Mla mbuzi hulipa ng'ombe.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Inaingia. Wewe ndiye umefunga mlango.

Siku nyingine Hakosi angewacheka hadi machozi. Leo kila uongo wao ulimchoma, kwa sababu walikuwa wakimtungia yeye. Walimpenda, basi wakamjengea ukuta wa upuuzi ajifiche nyuma yake. Naye akakaa, akajificha.

Alhamisi jioni, siku mbili kabla, alikuwa mtini. Mwanga ulikuwa umebaki kiduchu, mdogo kuliko ule anaowaruhusu wanafunzi wake. Kulungu jike alisimama, Hakosi akaachia mshale. Alisikia kishindo kizito, akajiambia ni tawi. Chini palikuwa na giza na magoti yalimuuma, lakini tochi alikuwa nayo mfukoni. Alichoogopa ni kukuta damu. Ijumaa walipokuwa wakila samaki wa kukaanga, Redio alimuuliza habari za mtini, naye akajibu kwamba hata upinde hakuuvuta.

— Vyovyote vile, Jaji akasema, aliyepigwa tumboni hafuatwi haraka. Ukimfuata moto moto anaamka, anakimbilia nchi nyingine. Unangoja kwa muda wa saa kumi na mbili. Mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu au mbovu? akauliza Lavonne. Mnyama anateseka pale, ninyi mnagawana methali!

— Na mvua inakuja, akaongeza Redio. Ila haidhuru, damu nzito kuliko maji, haitafutika.

— Nyamaza, Redio!

Hapo akaja Pahoua mbio kutoka ng'ambo, simu sikioni na viatu vya bandani miguuni. Alikuwa amehamia shamba lile mwezi wa tisa, akawa anawauzia mayai, lakini benchini hakuwahi kukaa.

— Samahani wazee wangu. Kuna kulungu amelala nyuma ya banda langu, ana mshale. Ninaye afisa wa wanyamapori kwenye simu. Anataka kujua kama aachwe kwanza au amaliziwe sasa hivi. Anauliza, alipigwa lini?

Jaji aliangalia ndani ya kikombe chake. Lavonne aliinua birika amwongezee mtu, lakini halikutoka hata tone.

— Hakuna anayejua? akauliza Pahoua.

— Alhamisi, akasema Hakosi.

— Alhamisi hii?

— Hii. Jua lilikuwa limeshazama. Ni mimi.

Redio alimshika mkono.

— Kaka, hulazimiki...

— Niache, Kazimir. Jana nilikula samaki na wewe, nikakudanganya usoni.

Pahoua aliyarudia maneno yale kwenye simu kwa sauti ndogo, akasikiliza, akakata.

— Amesema mwenye mshale aende sasa, akammalize.

— Naomba ruhusa niingie shambani kwako, binti.

— Ingia. Lango ulifunge nyuma yako, kuku wangu wasitoke.

Hakosi alichukua upinde garini. Angeweza kukata moja kwa moja hadi bandani, kila mtu alijua mnyama alipo. Hakukata. Alikwenda kwenye mapipa ya taka, mahali kulungu alipotokea, akashuka chini, goti moja, kisha la pili, mbele ya kijiwe kizima. Alilitafuta tone la kwanza juu ya lami, akaligusa kwa kidole.

Kisha akaanza kumfuata, tone kwa tone, akivuka barabara kwa magoti. Jaji na Redio wakaweka vikombe chini, wakaenda kusimamisha magari.